Usinipimie Pete kwa Mzani

Pete ilirudi baada ya miezi 11, ikiwa na shimo la mraba mahali palipokuwa na jiwe.

Mwenye pete hakuja na hasira. Angekuja na hasira ningejua la kufanya, maana karakana yetu ilikuwa na majibu ya kutosha kwa wenye hasira. Alikuja na pete imeviringishwa kwenye tishu, akaiweka juu ya kaunta, akasema, "Fundi, jiwe limetoka. Tulikuwa tunafua mashuka, mimi na dada wa nyumbani. Tumelitafuta mpaka mferejini, hatujaliona."

Bosi akaichukua, akaigeuza mara mbili kwenye mwanga wa dirisha, akatoa jibu ambalo nadhani kila sonara analijua hata usingizini. "Utakuwa uliigonga mahali, dada yangu."

Hakuigonga mahali. Jiwe lile nililibandika mimi kwa supaglu, siku ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, kwa sababu pete ilitakiwa Jumamosi asubuhi na mkono wangu ulikuwa umelipwa kwa kazi ya nusu saa, wakati kazi yenyewe ni ya siku nzima. Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma ya bosi. Nilinyamaza.

Usidhani unasoma toba. Toba niliifanya baadaye, mbele ya mhusika, na nitakusimulia. Hapa nimekuja kugombana, na ninayegombana naye ni mzani: ule mzani mdogo wa kidijitali ulio juu ya kaunta ya duka la dhahabu, Arusha, Mombasa au Unguja, ambao sote, fundi, mwenye duka, mteja na serikali, tumeuachia utuamulie kipi kina thamani na kipi ni cha bure.

Nianze na alichokitaka yule dada. Ni muuguzi. Pete za kawaida, zile ambazo jiwe limeinuliwa juu na kushikwa na vikucha vinne vya dhahabu, hawezi kuzivaa kazini kwa sababu vikucha hutoboa glovu. Nyumbani hunasa kwenye kanga, kwenye sweta, kwenye nywele za mtoto unapomsuka. Kwa hiyo alitaka jiwe lizame ndani ya pete, uso wa jiwe ulingane na uso wa dhahabu, ukipitisha kidole usihisi kitu. Pale karakana tulikuwa tunaita kuzamisha. Ni mtindo usio na makeke, na kwa mtu anayefanya kazi kwa mikono sijaona unaoufikia.

Jiwe lenyewe lilikuwa la baba yake. Baba alichimba Simanjiro miaka mingi, hakutajirika, na alipofariki aliacha tsavoraiti moja ya kijani, iliyokatwa mraba, milimita 4 kila upande, chini ya nusu karati. Sokoni hiyo si mali ya kumfanya mtu ajenge. Kwake ilikuwa ndiyo mirathi yote. Dhahabu nayo alikuja nayo, bangili ya marehemu mama yake, tukaiyeyusha na kuichanganya ikawa karati 18.

Sasa, kuzamisha jiwe la duara ni kazi ambayo mwanafunzi wa mwaka mmoja anaiweza. Unatoboa, unapanua tundu kwa biti yenye kipenyo sawa na jiwe, jiwe linaingia kwa kubanwa kidogo, kisha unachukua kipande cha chuma kilichong'arishwa, chenye ncha butu, unakizungusha kwenye ukingo wa dhahabu mpaka ukingo ulilalie jiwe pande zote. Mashine inazunguka, jiwe ni duara, tundu ni duara. Kila kitu kinakubaliana.

Mraba haukubaliani na chochote. Keekee haitoboi tundu la mraba. Unaanza na tundu la duara lililo dogo kuliko jiwe, kisha unalifanya mraba kwa mkono, kwa patasi nyembamba kama sindano ya kushonea magunia, ukikwangua unywele kwa unywele huku umeinamia lenzi na pete imegandishwa kwenye lakiri ili isicheze. Kuta nne lazima zifuate kiuno cha jiwe, yaani ule ukingo wake mpana. Chini ya kuta unachonga kikalio, kama ngazi nyembamba yenye mwinamo uleule wa tumbo la jiwe, ili jiwe likae kwa pande zote nne, lisije likayumba kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Unaliweka, unaangalia, unalinyanyua kwa kipande cha nta, unakwangua tena. Mara ya kwanza nilipoifanya kazi hii niliamua kuhesabu nimeliweka na kulitoa mara ngapi. Nilipofika 40 nikaacha kuhesabu.

Na pete yenyewe lazima iwe nene. Jiwe la milimita 4 namna ile lilikuwa na kina cha milimita 2.7 hivi. Pete ikiwa nyembamba kuliko hapo, ncha ya jiwe inatokeza chini na kumchoma mvaaji kidole. Nimewahi kuona pete ya namna hiyo. Mwenyewe alidhani ana mzio wa dhahabu.

Halafu kuna pembe.

Pembe ya jiwe la mraba ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote na dhaifu kuliko zote. Ukiibana kwa dhahabu inamegeka. Husikii mlio wa maana, unaona tu mwanga mdogo mweupe pale penye ncha, na jiwe la watu limekwisha. Kwa hiyo fundi anayeijua kazi hufanya kitu ambacho mwanafunzi akikiona mara ya kwanza hakielewi: kabla ya kuchonga kuta anatoboa vitundu vinne vidogo, kimoja kila kona, ili pembe ya jiwe isiguse chochote. Pembe inakaa hewani. Jiwe linashikwa mbavu. Unapoisukuma dhahabu ililalie, unaanzia katikati ya ubavu mmoja, unaruka kwenye ubavu unaotazamana nao, kisha ile miwili iliyobaki, ukizisogelea kona polepole, na kadiri unavyozisogelea mkono unazidi kuwa mwepesi. Mwishowe dhahabu inazifunika pembe juu juu tu, kama shuka.

Mzee aliyenifundisha, sonara wa Tanga ambaye macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, alikuwa akipitisha ukucha kwenye kona moja baada ya nyingine huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza. Mpaka leo sijui alikuwa anasikiliza nini. Akisema "bado," ilikuwa bado, na unaanza upya.

Sasa tazama mzani unavyoisoma kazi hii.

Pete huuzwa kwa gramu. Mteja anaingia, anauliza, "Leo gramu shilingi ngapi?" Anaambiwa. Pete inapanda juu ya mzani, namba inazidishwa kwa namba. Kisha kinaongezwa kitu kinaitwa "ufundi", na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Sijawahi kumwona mteja akibishana na bei ya dhahabu. Bei hiyo imetoka huko duniani, anayo kwenye simu yake, anaiheshimu kama hali ya hewa. Anabishana na mkono. Mkono ndio wenye "bei ya mwisho", ndio wenye "nipunguzie, mimi mteja wako".

Lakini kuzamisha jiwe ni kazi ya kuondoa dhahabu. Piga hesabu pamoja nami. Jiwe la baba wa yule dada lilihitaji shimo la milimita za ujazo zaidi ya 20. Dhahabu ya karati 18 ina miligramu 15 hivi katika kila milimita moja ya ujazo. Kwa hiyo fundi aliyemaliza kazi yake amepunguza pete kwa karibu theluthi ya gramu. Vumbi lile hufagiwa kwa brashi na kurudi kwenye droo ya bosi. Kitu pekee ambacho mzani unaweza kusema juu ya saa saba za kuinama ni kwamba pete imepungua.

Wala hauwezi kutofautisha shimo na shimo. Shimo lenye kuta zilizonyooka, lenye kikalio na vitundu vinne vya kona, na shimo lililochimbwa kwa makadirio, pana kuliko jiwe, likajazwa supaglu, kwa mzani ni shimo moja. Kwa hiyo bosi alikuwa na bei moja. Duara au mraba, kupachika ni kupachika. Simlaumu kwa ukatili, hakuwa mkatili. Alinikopesha kodi ya chumba mara mbili na hakunidai kwa kelele. Alikuwa tu mtu mwaminifu kwa mzani wake.

Na ukitaka kucheka, jiulize mraba wenyewe ulitoka wapi. Mkataji wa mawe naye anaishi kwa mzani. Analipwa kwa karati, na jiwe ghafi likikatwa duara, kona zake zinageuka vumbi. Mkato wa almasi wa mraba, ule uitwao princess, ulienea kuanzia miaka ya 1980, na sababu mojawapo ya wakataji kuupenda ni kwamba unapoteza almasi ghafi kidogo kuliko mkato wa duara. Huku kwetu kwenye mawe ya rangi ni vivyo hivyo: mkataji analitazama jiwe ghafi na kujiuliza umbo gani litamwachia uzito mwingi zaidi. Yaani pembe zile nne, zinazomtoa fundi jasho, zipo kwa kuwa mzani ulizitaka. Mzani ulituletea pembe, kisha ukakataa kulipia ulinzi wake.

(Hata neno "karati" lina sura mbili. Kwa jiwe ni uzito, gramu 0.2. Kwa dhahabu ni usafi, sehemu ngapi kati ya 24. Mteja akizichanganya tunamcheka akishatoka. Hatujicheki sisi tulioamini kwamba karati zote mbili zikishajulikana, basi pete imeshajulikana.)

Ungekuwa ugonjwa wa karakana moja nisingekusumbua. Juni 2020 nchi nzima ilishangilia Saniniu Laizer alipoiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7. Nilishangilia nami, nani angenuna? Lakini kumbuka tulichokuwa tunakitamka mitaani wiki ile: kilo. Miaka miwili kabla, Aprili 2018, Rais Magufuli alizindua ukuta wa takriban kilomita 24 kuzunguka migodi ya Mirerani ili jiwe lisitoke bila kupimwa. Tuna Sheria ya Madini ya 2010, tuna marekebisho yake ya 2017, na katika kila mkutano wa sekta hii niliowahi kukaa viti vya nyuma, maneno ni "kuongeza thamani". Kuongeza thamani maana yake, kwa wazungumzaji hao, ni kukata. Jiwe likishakatwa na kung'arishwa watu wanapiga makofi na kwenda kula. Sijamsikia anayeuliza litakaa wapi.

Jiwe lililokatwa, likiwa ndani ya kijikaratasi kilichokunjwa, bado ni bidhaa ya kupimwa. Hakuna anayevaa kijikaratasi. Likishaketishwa ndipo linapokuwa pete ya mtu, na kwa mawe yetu mengi hatua hiyo hufanyika mbali na hapa, mikononi mwa watu wa Jaipur na Bangkok wanaojua vizuri wanachokifanya. Ikifanyika hapa, mara nyingi mno inafanyika na chupa ndogo yenye mfuniko mwekundu. Tuna ukuta wa kilomita 24 wa kuzuia jiwe lisitoke Mirerani. Ukuta wa nusu milimita, wa kulizuia lisitoke kwenye kidole cha muuguzi, haumo katika bajeti ya mtu yeyote.

Majibu nayajua, nimeyasikia yote nikiwa mezani.

La kwanza ni la mabosi: mteja haoni. Ni kweli. Jumamosi asubuhi pete ya gundi inang'aa kuliko yangu, maana gundi ikiwa mpya inajaza kila ufa na kumeta kama maji. Ila supaglu ni kitu kikavu kinachovunjika ghafla, na unyevu na joto vinaidhoofisha. Muuguzi ananawa mikono mara ngapi kwa siku? Tulimbandikia jiwe kwa kitu kinachoogopa maji, mtu ambaye kazi yake ni kunawa.

La pili: kwa nini asichukue jiwe la duara? Kwa anayenunua jiwe jipya huo ni ushauri mzuri na mimi mwenyewe huutoa. Tena kuna mawe nisiyokubali kuyazamisha mraba hata ukilipa mara tatu. Tanzanaiti ni mojawapo. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ipo kati ya 6 na 7, na ina upande mmoja ambao ikipigwa inapasuka kama kuni iliyokatwa kwa kufuata nyuzi. Kwa pete ya kila siku ya mtu anayeosha vyombo, nitakwambia ivae sikioni. Tsavoraiti ni jamii ya garneti, haina upande wa namna hiyo, na ugumu wake ni kama 7 au 7.5. Inafaa ikiwa fundi ana subira. Yakuti, yenye 9, inakusamehe makosa mengi. Ila dada yule hakuja kuchagua jiwe dukani. Baba yake alimwachia mraba. Ungemwambia nini, arudi kaburini akabadilishe?

La tatu, la mafundi wenzangu: hata Ulaya wanatumia gundi. Wanatumia. Lulu hutobolewa nusu, ikavalishwa kwenye kijiti cha dhahabu chenye gundi, na hiyo ndiyo njia yake ya haki, wala hakuna mtu anayedanganywa. Sina ugomvi na gundi. Mtu mwenye elfu ishirini yake anayetaka pete ya fedha ya kuvaa sikukuu, mbandikie, ila umwambie: hili limebandikwa, usifulie nalo. Sentensi moja hiyo. Bosi wangu hakuwahi kuisema na mimi sikuwahi kuisema, kwa sababu ukiisema mteja atauliza njia nyingine ni ipi, na ukimwambia njia nyingine atauliza bei, na hapo tutarudi kwenye mkono.

Na wewe msomaji. Wewe unayelalamika, na una haki ya kulalamika, kwamba watu wanataka uwachoree nembo, uwatafsirie kitabu, uwaandikie hotuba ya harusi, "halafu tutakutoa". Unayeandika nyuzi ndefu mtandaoni kuhusu kazi ya ubunifu isiyolipwa. Unakuja kwangu na picha kwenye simu, pete ya mchumba, jiwe la mraba, limezama, ukingo mkali kama umekatwa kwa wembe. Nakwambia dhahabu ni kiasi hiki, unakubali. Nakwambia jiwe ni kiasi hiki, unakubali. Nakwambia mkono ni kiasi hiki, unacheka kidogo na kuniuliza, "Si unaweka tu?"

Hilo "tu" ndilo lililonifikisha kwenye chupa ya gundi Ijumaa ile. Sisemi ndilo lililonilazimisha. Ningeweza kukataa, nikasema pete haitakuwa tayari Jumamosi, nikasikiliza kelele, maisha yangeendelea. Sikukataa. Ila usije ukashangaa karakana nzima ikijifunza kukujibu kwa lugha unayoisema wewe.

Niliondoka pale miezi mitatu baada ya pete kurudi. Siwezi kujisifu kwamba niliondoka kwa ajili yake. Nilipata meza ya kupanga chumba kimoja na fundi wa saa, na nilitaka kujitegemea. Lakini kwenye daftari la oda niliandika pembeni namba ya yule dada kabla ya kukabidhi, na baada ya wiki mbili za kuahirisha nikampigia. Tukakutana nje ya hospitali, kwenye benchi wanakosubiri ndugu wa wagonjwa. Nikamwambia: jiwe halikugongwa, nililibandika kwa gundi, na siku uliyokuja nilikuwepo nikanyamaza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alikaa kimya muda, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo lingetoka tu?"

"Lingetoka tu."

"Hata bila kuligonga? Hata bila mtu kulitoa?"

Hapo ndipo nilipoelewa swali lake lilikokuwa linaelekea. Bosi alimwambia aliigonga, naye alijua hakuigonga, kwa hiyo akatafuta maelezo mengine. Waliokuwa kwenye beseni lile la mashuka ni wawili. Dada wa nyumbani ndiye aliyemwaga maji. "Nilimwambia nimeshajua ameliokota," akasema. "Nikampekulia begi lake. Alikaa nasi miaka minne. Ameondoka Desemba, amerudi kwao Kondoa, na simu zangu hapokei."

Katika hesabu zangu zote za gramu sikuwahi kuiweka ile.

Nilimwomba aniachie pete. Nilinunua tsavoraiti nyingine, mraba, milimita 4, kijani kilichokaribiana na alichokikumbuka, na sikujidanganya kwamba ni kitu kilekile. Shimo langu la gundi lilikuwa pana na la hovyo kuliko nilivyokumbuka. Ilibidi niunge kipande cha dhahabu ndani yake, nikisawazishe kwa tupa, kisha nianze upya kama vile hapajawahi kuwa na kitu. Aliuliza kama anaweza kuja siku yake ya mapumziko kutazama. Akaja saa tatu asubuhi, akakaa kwenye stuli ya fundi saa, hakusema mengi.

Nilipotoboa vile vitundu vinne akasogea. "Hivyo vya nini?" Nikamweleza: pembe ndiyo inayobeba uzito ikiguswa, na ikibeba uzito inavunjika, kwa hiyo unaichimbia nafasi ikae hewani, uzito uende mbavuni.

"Kama kisigino," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda pale mfupa unapokandamiza godoro, na kisigino ni mojawapo ya sehemu mbaya. Kwa hiyo wanaweka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee, kisiguse kitanda kabisa. "Ndugu wakija wanautoa mto," akasema. "Wanaona mguu umening'inia, wanadhani tumemsahau." Halafu akauliza kazi kama hii ninalipwa shilingi ngapi. Nikamtajia bei ya zamani ya kule karakana. Akanitajia posho yake ya zamu ya usiku. Tukacheka, kicheko cha aibu kidogo, kisha nikarudi kwenye lenzi.

Siku hizi risiti zangu zina mistari mitatu: dhahabu, jiwe, mkono. Kila mmoja na namba yake, na mstari wa mkono haupunguzwi kabla ya mingine. Kuna mteja aliyeniuliza kama mkono wangu nao ni wa karati 18. Wengine wanasoma mstari wa tatu, wananiaga kwa adabu, wanavuka barabara, na ninajua kabisa wanakokwenda na chupa itakayofunguliwa. Baadhi wanabaki. Sijatajirika.

Saa tisa alasiri nilipitisha ukucha kwenye kona zote nne, nikaosha pete kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikamkabidhi. Hakuiangalia kwenye mwanga kama wanavyofanya wengine. Aliivaa, akafungua mkoba, akatoa glovu, akaivuta juu ya kidole chenye pete, akafumba na kufumbua ngumi mara kadhaa. Akaigeuza mkono wake, akaikagua upande wa juu, hakuona tundu. Akaivua glovu na kuitupa kwenye ndoo yangu ya takataka.

Kisha akaniuliza mabasi ya Kondoa yanaondoka stendi saa ngapi.